Kukumbuka Tusichokishuhudia

Katika maswali ambayo akili ya mwanadamu haijachoka kuyauliza, limo moja ambalo zama zetu zimelipa sura mpya: je, mtu aweza kukikumbuka kitu ambacho macho yake hayakukiona wala mikono yake haikukigusa, au hiyo aiitayo kumbukumbu ni dhana tu iliyovishwa joho la ukweli? Zamani swali hili lilikuwa la wanazuoni na wanahistoria. Leo limeingia katika chumba cha kijana wa Sakina au Njiro, mitaa ya Arusha, ambaye, baada ya kazi za mchana, huketi mbele ya kompyuta yake akarusha, kwa programu ya urubani wa kuigiza, ndege zilizokwisha kuhifadhiwa katika makumbusho kabla yeye hajazaliwa.

Nachukua ndege moja katika hizo, Short SC.1, iliyoundwa Belfast, Ireland ya Kaskazini, kwa ajili ya kujaribu jambo moja: kupaa wima pasipo kukimbia njiani, kisha kugeuza mwendo angani na kwenda mbele kama ndege nyingine. Ilibeba injini tano, nne zikiwa zimesimama wima katikati ya kiwiliwili ili ziiinue, na ya tano ikiisukuma mbele. Iliruka kwa desturi ya kawaida mwaka 1957, ikapaa wima ikiwa huru Oktoba 1958, na mwaka 1960 ikafaulu kutoka katika kuelea na kuingia katika mwendo wa mbele. Kwa kuwa mbawa hazina nguvu kwa chombo kisichokwenda, mizani yake ilishikwa na hewa iliyochotwa katika injini na kufyatuliwa puani, mkiani na kwenye ncha za mbawa. Na amri za rubani zilipita katika nyaya za umeme, zikisaidiwa na jairoskopu ambazo kazi yake ilikuwa kukijulisha chombo upande upi ni juu na upande upi ni chini.

Mimi nami nimekaa katika kiti cha kuigiza, na mfano wa ndege hiyo, uliotungwa kwa kufuata vipimo vyake, nimeuweka mwanzo wa njia ya kurukia ya uwanja wa Kisongo, mji wa Arusha ukiwa mbele na Mlima Meru mkono wa kushoto. Nilisukuma wenzo wa nguvu hata ukomo, sindano zote nne zikapanda, na ndege haikubanduka ardhini. Haikuwa hitilafu. Injini zile nne kwa pamoja ziliweza kuinua takriban kilo 3,800 penye usawa wa bahari, na ndege yenyewe pamoja na mafuta yake ilikaribia kilo 3,500. Lakini Kisongo iko karibu mita 1,400 juu ya bahari, hewa yake ni nyepesi kuliko ya Tanga au Mombasa kwa takriban asilimia 13, na ziada yote ya nguvu humezwa na wepesi huo. Ilipopunguziwa mafuta iliinuka, ikatetemeka kimo cha mtu, ikayumba huku na huku, na kila nilipoirekebisha kwa pupa ikazidi kuyumba, mpaka mkono ulipojifunza kuigusa kwa upole na kuingoja.

Je, huko ni kukumbuka? Wako wasemao sivyo, kwa hoja kwamba mwenye kuigiza hana la kupoteza, na kwamba kumbukumbu ni mali ya aliyeshuhudia. Hoja hiyo ina uzito, lakini dini zetu zilikwisha kuijibu kwa vitendo zamani sana. Haji anayesai baina ya Safa na Marwa hakumwona Bibi Hajar akihangaika kumtafutia mwanawe maji. Hata hivyo hakuachiwa atosheke na kusimuliwa, bali aliamrishwa aende kwa miguu yake mara saba, ili mwili uwe shahidi wa dhiki ambayo macho yalikosa kuiona. Na Wakristo wanaofuata Njia ya Msalaba siku ya Ijumaa Kuu, wakisimama kituo baada ya kituo, hawadai kuwa walikuwako Yerusalemu. Wanakiri kwamba yako mambo ambayo hayaingii moyoni kwa njia ya masikio peke yake. Basi kuigiza kwa nia njema ni njia ya kukumbuka, na mwenye kulikanusha hilo hana budi kukanusha sehemu kubwa ya ibada za wanadamu.

Lakini si kila kuigiza ni kukumbuka, na hapa ndipo penye uzito wa maneno yangu. Wanazuoni wa hadithi hawakuipokea habari kwa uzuri wake. Waliuliza kwanza sanadi yake, nani kaipokea kwa nani, na je, kila mmoja katika silsila hiyo ni mwaminifu na mwenye hifadhi njema? Mfano wa ndege nao una sanadi: rubani wa majaribio aliyeandika taarifa, mhandisi aliyepima, mtunza nyaraka aliyehifadhi, na mtungaji wa programu aliyezigeuza hesabu kuwa mwendo. Dalili kubwa ya uaminifu wao ni kwamba aibu ya chombo imetufikia pamoja na fahari yake. Ndivyo ilivyo hata katika habari ya kale: Abbas ibn Firnas wa Kurtuba, Andalusia, katika karne ya 9, alijivika manyoya na mbawa akajaribu kuruka. Na al-Maqqari, aliyetuhifadhia habari hiyo katika karne ya 17, hakukomea kwenye sifa, bali alieleza pia kwamba aliumia mgongo alipotua, kwa kuwa hakujua ya kwamba nyuni hutua kwa mkia, naye hakujifanyia mkia. Kasoro hiyo ndiyo inayotuvuta kuisadiki habari yenyewe, maana mwongo angalimtua salama.

Short SC.1 nayo ina kasoro iliyolipiwa kwa roho ya mtu. Tarehe 2 Oktoba 1963, huko Belfast, rubani wa majaribio J. R. Green alikuwa karibu na ardhi, chini ya mita 10, jairoskopu zilipokosea na kukionyesha chombo wima usiokuwa wima, nacho kwa utiifu kamili kikajilinganisha na uongo huo. Muda wa kuinyang'anya mitambo mamlaka haukuwapo. Ndege ilipinduka ikagonga ardhi, na Green akafa. Ilitengenezwa upya, ikaruka tena, na leo zote mbili zilizoundwa zimo katika makumbusho, moja London na moja Ireland ya Kaskazini. Programu humpa mchezaji kitufe cha kuanza upya, Green hakupewa. Anayeirusha ndege hii bila ya kumjua yule aliyefia ndani yake anacheza, hakumbuki. Na mfano ambao jairoskopu zake hazikosei kamwe ni riwaya isiyo na sanadi, hata rangi na mlio wake vikiwa vya kupendeza namna gani. Tena imo ibra kwa kila mcha Mungu: utiifu peke yake hauokoi, ikiwa kile tunachokitii kimepoteza habari ya juu ni wapi.

Jambo hili la kuhifadhi kasoro pamoja na fahari si la Belfast peke yake. Mwishoni mwa 2015 na mwanzoni mwa 2016 magazeti yetu yalitangaza kwamba katika Chuo cha Ufundi Arusha helikopta ya majaribio ilikuwa ikiundwa, chini ya mlima huu huu na katika hewa hii hii nyepesi. Kila mwenye kushiriki katika kazi ya namna hiyo, hapa na katika karakana nyingine za Afrika Mashariki, namsihi aandike: uzito wa chombo, nguvu ya injini, urefu wa panga boi, siku kilipoinuka na siku kilipokataa, na sababu ya kukataa kwake. Asione haya kuandika lililoshindikana, kwa maana hilo ndilo watakalolihitaji zaidi wale watakaokuja baada yake. Na ninyi vijana mnaojua kutunga mifano ya ndege, msingoje mashine ziwe vyuma chakavu na mafundi wawe marehemu. Waendeeni wangali hai, muwaulize, na mpokee habari kwa vinywa vyao wenyewe.