Absalomu Langoni, Nehemia Ukutani

Wapendwa, uchaguzi mkuu ujao ni Jumanne, Agosti 10, 2027, lakini ukipita Makongeni ama Kimbo utadhani ni wiki ijayo. MCA anataka kuwa mbunge. Mbunge anataka ugavana. Gavana naye anaangalia juu zaidi. Na wote hao, kabla hawajafika kwa tume ya uchaguzi, hupitia kwetu. Wanaketi viti vya mbele, wanapewa dakika mbili za kusalimia kanisa, dakika mbili zinageuka ishirini, halafu tunawawekea mikono na kumwomba Bwana awapandishe kiwango.

Vijana wanauliza swali ambalo sisi wazee tumelizoea mpaka hatulisikii tena: je, mtu aliyeokoka anaweza kutaka cheo kikubwa kuliko alicho nacho bila kutenda dhambi? Na huyo tunayemwombea, tutajuaje kama anataka kazi ama anataka kiti?

Sehemu ya kwanza ina jibu rahisi. Paulo, katika 1 Timotheo 3, hamkemei anayetamani uangalizi wa kanisa. Anaisifu ile kazi. Sasa angalia kwamba anaiita kazi. Kwa hivyo kutaka peke yake si dhambi, na yule ndugu anayesema Mkristo wa kweli husubiri kusukumwa hajasoma Nehemia. Nehemia aliomba. Alisimama mbele ya mfalme Artashasta, akaombea safari, barua na mbao. Hakungoja mtu amtaje.

Shida ni kwamba Absalomu pia aliomba.

Someni 2 Samweli 15 polepole. Absalomu alikuwa anaamka mapema, anasimama kando ya njia ya lango. Mtu akija na kesi yake kwa mfalme, Absalomu anamwita, anamuuliza ametoka mji gani, anamwambia kesi yake ni nzuri na ya haki ila hakuna wa kumsikiliza. Laiti yeye angekuwa mwamuzi! Mtu akitaka kumsujudia, anamshika mkono na kumbusu. Hakuna kizuizi. Ni mtu wa watu. Daudi yuko juu ikulu, kumfikia ni shida. Mtoto wake yuko stejini na wananchi.

Kila mtu aliyefika pale aliambiwa kesi yake ni nzuri. Kila mtu! Na kesi, kama mnavyojua, ina pande mbili. Leo asubuhi amekuja mwenye shamba, ameambiwa ana haki. Saa sita amekuja jirani wanayegombania mpaka, naye ameambiwa ana haki. Hakuna siku Absalomu alimwambia mtu, "Hapana, wewe ndiye mwenye makosa." Biblia inasema hivyo ndivyo alivyoiba mioyo. Pesa za umma hazijatajwa mahali hapo, lakini neno lililotumika ni la wizi.

Sasa turudi nyumbani. Tangu ugatuzi uanze mwaka wa 2013, Kiambu imechagua magavana watatu, na wote watatu walitoka Bungeni ama Seneti. William Kabogo alikuwa mbunge wa Juja kuanzia 2002, wakati Juja ya zamani ilikuwa bado imebeba Thika na Ruiru. Akashindwa 2007, akarudi kwa uchaguzi mdogo wa 2010, akawa gavana 2013. Kimani Wamatangi alikaa Seneti miaka tisa kabla ya 2022. Katikati yao ni Ferdinand Waititu, na safari yake ndiyo ndefu zaidi. Alianzia chini, diwani jijini Nairobi. Mwaka wa 2008 akawa mbunge wa Embakasi kwa uchaguzi mdogo. Mwaka wa 2013 akawania ugavana wa Nairobi, Evans Kidero akamshinda. Mwaka wa 2015 akapata ubunge tena, safari hii Kabete, na 2017 akamwondoa Kabogo.

Mnakumbuka 2017 ilivyokuwa. Kabogo alisemwa ana kiburi, hashikiki. Waititu alikuwa Baba Yao, mtu wa kushuka kwa gari na kusimama na mama mboga. Tulichagua lango, si kiti cha enzi. Desemba 2019 Bunge la Kaunti likapiga kura ya kumwondoa, na Seneti ikakubali Januari 29, 2020. Februari 2025 mahakama ikampata na hatia katika kesi ya zabuni ya barabara ya shilingi milioni 588, ikamhukumu faini ya shilingi milioni 53.5 ama kifungo cha miaka 12. Yeye alikata rufaa.

Siyaandiki haya kumcheka mtu aliyeanguka, Mithali inatukataza. Wala sisemi fulani ni Absalomu na fulani ni Daudi. Kabogo si Daudi, na Daudi mwenyewe alikuwa na lawama zake. Ninachouliza kinatuhusu sisi. Katika ile miaka yote ya udiwani na ubunge, sisi wapiga kura tulikuwa tunapima nini? Tulipima kama mtu anashikika. Kuna aliyepima kama anaweza kusema hapana?

Maana kazi ya mjumbe ni ya kusema hapana. Kwa Katiba ya 2010, MCA hutunga sheria za kaunti na kuikagua serikali ya gavana. Hiyo ni kazi ya kusoma bajeti mpaka macho yaume, kuuliza zahanati iliyoandikwa kwenye karatasi iko wapi kwa ardhi, kukataa kupitisha pesa. Haina picha nzuri. Haina keki. Na kwa yule anayetaka kupanda, ina hatari, kwa sababu anayekagua leo anahitaji tiketi ya chama kesho, na wenye tiketi hawapendi wakaguzi.

Halafu sisi tunaongeza uzito upande huo huo. Mjumbe akifika kanisani, hakuna anayemuuliza alipigaje kura. Tunamuuliza mabati. Tunamuuliza basari, mchango wa matanga, tenti, viti. Akisema, "Wapendwa, mshahara wangu hautoshi harambee saba kwa wiki, na kazi mliyonituma ni kukagua," tutanong'ona mlangoni kwamba huyu ni mkono gamu. Kama mshahara hautoshi na bado bahasha inakuja nene kila Jumapili, basi jaza inatoka mahali. Tumeijua hesabu hiyo zamani, tukaamua kutoifanya kwa sauti.

Novemba 2024, Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi alikataa pesa ambazo Rais William Ruto alikuwa ametoa katika parokia ya Soweto. Wengine walisema ni siasa. Mimi naona, hata kama hatukubaliani na ndugu zetu Wakatoliki katika mengi, hapo walitutangulia. Paa lililobaki bila mabati linavuja maji tu.

Kuna andiko ambalo tunalitumia vibaya, Luka 16:10, lile la mwaminifu katika kidogo. Kwa mahubiri yetu limekuwa ahadi ya promosheni: shika kidogo, Mungu atakupa kikubwa. Ndiyo maana Mheshimiwa hulipenda. Lakini pale Yesu hakuwa anapanga ngazi ya vyeo. Alikuwa anaeleza jinsi ya kumtambua mtu. Kidogo ni dirisha la kuona ndani. Mtu ambaye wadi yake ilikuwa ngazi tu, kaunti nayo itakuwa ngazi, kwa sababu tatizo haliko kwa ukubwa wa kiti.

Nehemia hapa ananisaidia zaidi ya mahubiri mengi. Kwanza, alilia juu ya ukuta kabla ya kuwa na cheo chochote Yuda. Pili, mfalme alipomuuliza atarudi lini, alitaja muda. Tatu, akiwa liwali miaka kumi na miwili hakula posho ya liwali, kwa sababu watu walikuwa wamelemewa. Na kuna jambo ambalo mtu hulipita haraka katika sura ya 6: Sanbalati alimzushia kwamba anajenga ukuta ili awe mfalme. Yaani alishtakiwa kwa kutaka kiti cha juu! Walimwita mikutano bondeni Ono mara nne. Alikataa mara nne, akasema ana kazi kubwa na hawezi kushuka. Ukuta ukaisha kwa siku 52. Kama angekuwa anatafuta kiti, angeenda Ono. Mikutano kama hiyo ndiyo vyeo hugawanywa.

Kuna mtu ataniambia: mzee, mjumbe mzuri akibaki chini, nafasi za juu zitachukuliwa na wabaya. Ni kweli, na Yothamu alisema hivyo kwa mfano wake wa miti katika Waamuzi 9. Mzeituni, mtini na mzabibu zilikataa, mti wa miiba ukatawala. Lakini zile nzuri zilikuwa na mafuta na matunda ya kuonyesha. Mtu akija kutuambia anataka kupanda, hatumzuii. Tumwombe tu atuonyeshe tunda la pale alipo.

Samweli alifanya hivyo bila kuombwa. Alipomaliza uongozi, katika 1 Samweli 12, alisimama mbele ya taifa zima akauliza ni nani amemnyang'anya ng'ombe ama punda, na ametoka kwa nani na rushwa. Alijitolea ukaguzi. Watu wakajibu hawana la kumshtaki.

Basi wiki hii katika ushirika wa nyumbani, Thika na Ruiru, someni 2 Samweli 15:1-6 pamoja na Nehemia 6. Halafu kila mmoja ataje MCA wa wadi yake kwa jina, na jambo moja alilowahi kulikataa Bungeni. Kiambu ina wadi 60. Tunatoka katika kadhaa. Mkikosa majibu, andikeni maswali mmpe katibu wa kanisa, ili siku Mheshimiwa akija kusalimia, zile dakika mbili tumpe karatasi badala ya kipaza sauti.