Fungu la Firigisi

Katikati ya juma watu hula ili waweze kufanya kazi. Mwisho wa juma hufanya kazi ili waweze kula pamoja. Chakula yamkini ni kile kile, lakini nia si moja. Siku ya Jumamosi mwalimu huweka chaki chini na mkulima huegemeza jembe ukutani. Bali mama wa nyumba, ambaye jembe lake ni mwiko, aghalabu huongezewa kazi badala ya kupunguziwa. Hapo ndipo ninapotaka kukuongoza, msomaji wangu. Swali langu ni hili: je, mila ya jamaa ishikwe kwa kuwa ni mila, au kwa kuwa ni njema? Na ikiwa ni tamu kwa mmoja na chungu kwa mwingine, tuifanyeje?

Mimi nafundisha Kitale, na wazazi wangu wanakaa upande wa Bungoma. Mara moja kwa mwezi huwachukua watoto wangu kwenda kuwaamkia. Gari hupita Kiminini na Kamukuywa, Mlima Elgon ukiwa mkono wa kulia, na mahindi yakiwa pande zote mbili za barabara hata mtu hudhani dunia nzima imepandwa mbegu moja. Tukikaribia Webuye, mahindi huanza kuyaachia mashamba ya miwa nafasi, na watoto huanza kuuliza ni nini kitakachopikwa.

Jumamosi ninayotaka kuisimulia ilikuwa tulivu kama zilizoitangulia. Baba alikuwa ameketi chini ya mparachichi, redio ikisema bila ya kusikilizwa. Mama alikuwa akichambua mrenda na majani ya kunde, na kando yake palikuwa na chungu kidogo cha ile chumvi ya kienyeji ichujwayo kwa majivu ya maganda ya maharagwe, ambayo hulainisha mboga na kuipa ladha isiyouzwa dukani. Nyanya yangu mzaa baba, ambaye amepita miaka 80, alikuwa akipepeta wimbi wa ugali. Watoto walikuwa wakimfukuza jogoo. Walimpata, akachinjwa, akanyonyolewa, akababuliwa motoni na kutiwa sufuriani. Hakuna aliyekuwa na haraka. Ukiulizwa raha ni nini, na ukose maneno, mwonyeshe aulizaye uwanja wa namna hiyo saa sita ya mchana.

Katika Uluhya kuku si kitoweo tu. Ni neno la heshima lililopikwa. Mgeni aliyechinjiwa kuku amekwisha kuambiwa kwamba amepokewa, hata kama hakuna aliyefungua kinywa. Na katika kuku, kilele cha heshima ni firigisi, ambayo wengi wetu huiita imondo. Kuku ana mapaja mawili na mabawa mawili, lakini firigisi yake ni moja. Kitu kilicho kimoja hakigawanyiki kwa usawa. Hupewa mtu, na kwa kupewa hutangaza kwamba mtu huyo ndiye mkubwa wa pale. Kwa desturi yetu mtu huyo ni baba wa nyumba, au mgeni anayemstahi. Ikikosekana katika bakuli, mpishi huulizwa.

Mila hiyo ina dada yake aliye mkali zaidi. Zamani wanawake wa Kiluhya hawakula kuku kabisa, wala mayai. Hatukuwa peke yetu katika jambo hili; katika Buganda pia wanawake walikatazwa kuku, mayai na nyama ya kondoo. Mwanamke ndiye aliyeatamisha mayai, akavilinda vifaranga na mwewe, akawalisha, akapika. Kisha akaketi jikoni na mboga yake. Siku hizi katazo hilo limelegea karibu kila mahali. Mama yangu hula kuku, na dada zangu hula. Lakini nyanya yangu hajapata kumwonja maisha yake yote.

Chakula kilipotengwa, binti yangu, ambaye ana miaka minane, alitazama sahani ya nyanya akaona ugali na mrenda peke yake. Akauliza, “Kukhu, mbona wewe huna kuku?” Nyanya akajibu kwa upole kwamba wanawake wa rika lake hawakumla. Mtoto akauliza tena, “Nani alikataza?” Nyanya akafikiri, kisha akasema, “Tulimkuta amekwisha katazwa.”

Uwanja mzima ulinyamaza. Baba alikuwa na bakuli mbele yake, na firigisi juu ya nyama, kama ilivyokuwa siku zote. Aliitazama, akaitoa, akaiweka katika sahani ya mama yake bila ya neno. Nilikuwa sijapata kuona jambo hilo. Nyanya akaigusa kwa kidole, akacheka kicheko kifupi, akasema, “Mwanangu, umeniletea wakati meno yamekwisha kwenda.” Akaichukua akampa mtoto. Mtoto akaitafuna kwa taabu, akasema ni ngumu. Watu wakacheka, na mazungumzo yakarudi kwenye bei ya mbolea.

Msomaji wangu, mimi sikuweza kucheka sana. Nilikumbuka kwamba nilipokuwa mvulana, siku ambazo baba hakuwapo nyumbani, firigisi iliwekwa mbele yangu. Dada yangu, aliyenizidi miaka mitatu, alikuwa ameteka maji, amewasha moto na kupika. Alisimama mlangoni akinitazama nikila. Sikukatwa na aibu. Nilijiona mtu mzima. Leo siikumbuki ladha ya nyama ile hata kidogo. Naikumbuka ladha ya kupendelewa, nayo ilikuwa tamu mno. Ndiyo maana natia shaka hukumu ya mtu anayeitetea mila ambayo yeye ndiye hulishwa nayo. Huenda anasema kweli, lakini kinywa chake kimejaa.

Hata hivyo, haki yataka tumsikilize mtetezi wa mila kabla ya kumhukumu. Wahenga walisema, “Mwacha mila ni mtumwa.” Neno hili si la upuuzi, hasa kwa watu wa nchi yetu. Wakati wa ukoloni, Trans Nzoia ilikuwa sehemu ya nyanda zilizotengwa kwa walowezi wa Kizungu, na watu wengi wa makabila yetu waliingia katika mashamba yale kama vibarua. Katika hali hiyo mtu huambiwa kila siku, kwa maneno na kwa vitendo, kwamba chake ni duni. Basi jioni akirudi kwake, akaketi, akapewa firigisi na watoto wake wakangoja aanze, alikumbushwa kwamba bado yeye ni mtu. Mila ilimrudishia heshima aliyonyang'anywa mchana. Tena, mtoto aliyezoea kungoja wakubwa wake hujifunza kwamba ulimwengu haukuanza siku aliyozaliwa yeye. Hayo ni mafunzo makubwa, na shule haiwezi kuyafundisha vizuri kama sinia la ugali.

Nakubali yote hayo. Lakini je, kubadili sehemu ya mila ni kuiacha mila? Tutazame ugali wenyewe. Mtu wa Kitale akiulizwa chakula cha jadi yake ni kipi, hatasita kusema ni ugali wa mahindi. Kumbe mahindi asili yake ni Amerika. Wareno ndio walioyaleta katika pwani yetu, nao walifika huku mwishoni mwa karne ya 15. Wimbi na mtama ni wenyeji wa zamani zaidi. Tena mahindi yaliyoijaza Trans Nzoia hayakuotea pale kwa bahati. Kazi ya kuzalisha mbegu bora ilianzishwa Kitale mwaka wa 1955, na mwaka wa 1964 wakulima walipewa mbegu ya kwanza ya mseto, iliyoitwa 611, ambayo mmoja wa wazazi wake alitoka nchi ya Ecuador. Wazee wetu waliipokea, wakaipanda, wakaisaga, wakaiita yao. Tulipobadili unga hakuna aliyetuita watumwa. Kwa nini basi tuitwe watumwa tukibadili mgao?

Jibu, nadhani, ni kwamba kubadili unga hakukumgharimu mkubwa yeyote kiti chake. Twaruhusu mila igeuke inapotuongezea, na twasema ni takatifu inapotaka kutupunguzia.

Mtetezi aweza kunijibu, “Lakini nyanya yako mwenyewe hakulalamika. Aliridhika, hata akaona fahari.” Hili ni jibu zito kuliko yote, na singependa ulirukie. Ni kweli kwamba nyanya hakujiona maskini. Kutokula kuku kulikuwa alama ya mwanamke mwenye staha, naye aliivaa alama hiyo kama vazi safi. Mtu akija leo amwambie kwamba maisha yake yote alidhulumiwa, amemnyang'anya fahari yake bila ya kumrudishia hata paja moja la kuku.

Lakini lugha yetu ina maneno mawili yanayokaa karibu na ambayo hayafanani: kujinyima na kunyimwa. Anayefunga Ramadhani au Kwaresima ana chakula ndani ya nyumba, naye hukiacha kwa hiari yake. Huyo anajinyima, na tendo lake ni fadhila. Asiyekula kwa sababu sahani haikuletwa, huyo amenyimwa, hata akitabasamu. Kwa nje watu hao wawili wana sahani tupu sawasawa. Kinachowatenga ni mlango: wa kwanza anaweza kuufungua, wa pili aliukuta umefungwa. Nyanya yangu alitamka jambo hili kwa maneno matatu kuliko niwezavyo kulitamka kwa insha nzima: “Tulimkuta amekwisha katazwa.” Ridhaa ya mtu ambaye hakupata kuulizwa ni uvumilivu. Nao uvumilivu ni sifa ya yule avumiliaye. Si hoja ya yule anayemvumilisha.

Je, sheria itusaidie? Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa. Na katiba hiyo hiyo yasema kwamba wanawake na wanaume wana haki ya kutendewa kwa usawa, na kwamba sheria ya kimila inayopingana nayo ni batili. Maneno hayo ni mema, na yafaa kila mwanafunzi ayajue. Lakini hakuna askari atakayetumwa jikoni kuhesabu vipande vya nyama. Mipaka ya sheria huishia mlangoni pa nyumba nyingi. Ndani huanza dhamiri.

Basi mimi nilifanya nini? Niliporudi Kitale niliweka kanuni nyumbani kwangu kwamba firigisi ipewe watu kwa zamu: leo mke wangu, kesho binti, keshokutwa mwana. Niliona nimeamua vyema. Baba aliposikia alitikisa kichwa akasema, “Heshima ya zamu si heshima. Hiyo ni foleni.” Nilikasirika, kisha nikaona kwamba kuna kweli katika neno lake. Nilikuwa nimeondoa dhuluma, na heshima nikaimwaga pamoja nayo, kama mtu anayechekecha unga akatupa chenga na unga wenyewe. Watoto wangu hawakuona tena kwamba kuna mtu wa kustahiwa. Waliona zamu yao tu, wakaanza kuidai.

Sasa tunafanya hivi. Firigisi hupewa mkubwa wa umri aliyepo, awe mwanamume au mwanamke; na mkubwa huyo ana ruhusa ya kumpa amtakaye. Watoto wanangoja, kama nilivyongoja mimi. Heshima imebaki mahali pake. Ua uliozuia nusu ya jamaa kuifikia ndio ulioondolewa. Sisemi kwamba kila nyumba ifuate njia hii. Nasema kila nyumba iitafute yake, nayo ijiulize mambo mawili juu ya kila mila iliyorithi: mila hii inampa nani heshima, na nani anailipia? Ikiwa anayelipa angeweza kukataa na bado akachagua kulipa, iachwe iendelee. Ikiwa hakupata kuulizwa, basi aulizwe.

Na aulizwe mapema. Hilo ndilo nililojifunza uwanjani kwa wazazi wangu. Baba alitenda haki siku ile, na ilimgharimu kitu, kwa maana aliitenda mbele ya watu. Lakini haki yake ilifika miaka 60 baada ya njaa. Haikuwa bure, kwani ilimfikia mtoto. Walakini kwa yule aliyestahili kwanza ilikuwa kipande kigumu katika kinywa kisicho na meno.

Wewe usomaye maneno haya u kijana, na yamkini Jumamosi ijayo utaketi kula na jamaa zako. Kula kwa furaha, na uwashukuru waliopika. Lakini kabla hujatia mkono sahanini, tazama upande wa jikoni. Tazama nani amepika na bado hajaketi, nani amefuga na hajaonja, nani hujibu “mimi nimeshiba” kabla hajaulizwa. Mtu huyo bado ana meno. Sogeza bakuli.