Kidonge cha Jioni

Saa kumi na mbili jioni, zamu imekwisha. Vibarua 162 wa hospitali wanapanga foleni ukumbini: wanawake 84, wanaume 78, kila kundi sura moja, maana walitotolewa kwenye chupa kutokana na yai moja. Mbele yao karani anafungua sanduku na kumpa kila mmoja kijaluba cha vidonge. Hakuna askari, wala hakuna anayelipa. Wanachohofia ni kimoja tu, vidonge visije vikachelewa.

Hiyo ni London ya kubuni, katika riwaya ya Aldous Huxley ya mwaka 1932, Brave New World. Kidonge kinaitwa soma. Hakinuki mdomoni wala hakimwamshi mtu na kichwa kinachogonga. Ukihuzunika unameza, ukikasirika unameza, kesho unarudi kazini. Wasomaji wengi huizungumzia mitambo ya kuzalisha watoto katika riwaya hii. Mimi ile foleni ndiyo hunikosesha usingizi.

Anayekutana nayo ni kijana anayeitwa John. Yeye hakuzaliwa mjini. Alikulia katika hifadhi walikotengwa wenyeji huko New Mexico, ambako mama yake, Linda, alipotelea. Linda aliporudishwa London alikuwa amezeeka, amenenepa, meno yamemtoka, na watu wa mji ule hawakuzoea kuona uzee. Wakamwachia soma bila kipimo, akafika gramu 20 kwa siku. Daktari alijua kwamba dozi hiyo itamwua katika mwezi mmoja au miwili, na akaikubali. Hawakumchukia Linda. Walitaka tu asisumbue macho yao.

Anapokata roho, John yuko kando ya kitanda. Wodini wameletwa watoto wadogo, wanalishwa keki za chokoleti ili wazoee kuona watu wakifa na wasihisi kitu. John anapiga magoti, analia. Muuguzi anakasirika, maana kilio chake kinawaharibia watoto somo! Sisi tunaojua msiba ni nini, tunaotandika mikeka uani na kukaa na mfiwa hata bila neno la kumwambia, tupatazame hapo vizuri. Kabla hawajachukua kitu kingine chochote, walikuwa wameshachukua matanga.

Kutoka wodini John anakutana na foleni. Anawapigia kelele waache, kwamba ile ni sumu, kwamba amekuja kuwapa uhuru. Anavikwapua vijaluba na kuvimwaga dirishani. Vibarua wanamvamia. Polisi wanafika, wanapuliza mvuke wa soma ukumbini, na kisanduku cha muziki kinatoa sauti ya upole inayowasihi wapendane. Dakika chache tu, wanakumbatiana huku machozi yakiwatoka. Mgao mwingine unaletwa.

John alisema kweli, ile ni sumu. Lakini aliwaendea watu waliochoka, saa ile ile ya pumziko lao, akamnyang'anya kiwete mkongojo kabla ya kumwonyesha aliyemvunja mguu.

George Orwell, katika Nineteen Eighty-Four ya mwaka 1949, aliliona jambo hilo hilo kwa upande wa mgawaji. Mhusika wake mkuu, Winston, baada ya kuteswa hadi akavunjika, anashinda mkahawani akinywa jini ya Chama kinachotawala. Mhudumu humjazia glasi bila kuagizwa, akadondoshea sakarini yenye ladha ya karafuu. Bili ikija kwenye kikaratasi kichafu, Winston huhisi kwamba wamempunguzia. Dola inayobana hata mgao wa chokoleti imekuwa karimu kwenye jambo hili moja. Mimi ningeuogopa ukarimu huo kuliko chumba cha mateso.

Tena Huxley na Orwell walikuwa bado hawajaandika riwaya hizo wakati mji wa Durban, Afrika Kusini, ulipoanza kuwauzia watu usahaulifu wa namna hiyo. Sheria ya mwaka 1908 ya Natal, koloni ulimokuwa mji huo, iliruhusu manispaa kuhodhi upikaji na uuzaji wa pombe ya mtama kwa Waafrika. Wanawake waliokuwa wakipika pombe hiyo, utshwala, ili kulisha watoto wakageuzwa wahalifu. Vibarua wakanywa kwenye kumbi za manispaa, na faida ikalipia utawala uliowabana. Walilipia kamba yao wenyewe, glasi kwa glasi. Miji mingine ya Afrika Kusini ikaiga.

Mwaka 1929 watu wa Durban walizisusia kumbi hizo, na wanawake waliopokonywa biashara yao walikuwa miongoni mwa wapambanaji wakali kabisa. Na Juni 1976, wanafunzi wa Soweto walipoingia barabarani, kumbi za bia na maduka ya pombe ya serikali vilikuwa kati ya vitu vya kwanza walivyovichoma. Hao hawakuwa wageni waliotoka hifadhini kama John. Walikuwa watoto wa wanywaji, waliokuwa wakiwasubiri baba zao nyumbani kila Ijumaa, siku ya mshahara.