Mto Waingia Ziwani

Jirani yangu mmoja hapa Kavimvira anajenga nyumba yake kwa mara ya tatu. Ya kwanza ilikuwa ya matofali mabichi, ikaanguka mwaka 2020, ziwa lilipopanda. Ndio mwaka ule ambao mto Mulongwe ulifurika mwezi wa Aprili ukachukua nyumba na watu. Akajenga tena pale pale, safari hii kwa matofali ya kuchoma. Mwaka 2024 ziwa likapanda tena, maji yakafika dirishani. Sasa ameinua msingi wa mawe kimo cha mtoto mkubwa. Jioni moja tulipotoka kanisani alinishika mkono, akaniuliza: "Mwalimu, wewe umesoma. Nitajuaje kama Mungu ananijaribu au ananikataza?"

Sikumjibu upesi. Methali zetu zashuhudia pande zote mbili. Mvumilivu hula mbivu, twasema. Na tena twasema, mbio za sakafuni huishia ukingoni. Kila mtu huchagua ile impendezayo siku hiyo. Na sisi tufundishao dini tuna kosa letu wenyewe: mtu akishinda twasema Mungu alikuwa akimjaribu, akishindwa twasema Mungu alikuwa akimkataza. Huko si kujua. Ni kungoja mwisho wa mambo, kisha kusema.

Usiku ule nilikumbuka habari iliyotokea ufukoni petu hapa hapa, nayo yafaa kusimuliwa, maana watoto wetu wengi hawaijui.

Tarehe 26 Aprili 1858 mitumbwi kutoka Ujiji ilifika Uvira. Ndani yake walikuwamo Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke. Walikuwa wametoka pwani mwaka 1857, nao walikuwa wamechoka kabisa. Burton alikuwa na vidonda vya ulimi hata hakuweza kusema vema, na Speke alikuwa mgonjwa wa macho. Shabaha yao ilikuwa kulijua chimbuko la mto Nili. Burton alitumaini sana kwamba Ruzizi watoka katika ziwa letu, waelekea kaskazini, na huko wawa Nili. Basi hapa Uvira walikuja vijana watatu, wana wa mtawala ambaye Burton aliandika jina lake Maruta. Wakaulizwa habari za mto. Wakajibu kwamba mto waingia ziwani, hautoki. Wapiga kasia nao wakakataa kwenda mbele. Burton akarudi Ujiji na moyo mzito.

Tazameni vema: mpaka hapo Burton hakukosa neno. Homa, ulimi, njaa na mwendo mrefu havikuwa alama ya kuacha. Kama kila taabu ingekuwa sauti ya Mungu ya kukataza, hakuna mama ambaye angezaa mtoto wa pili. Kosa lake lilikuja baadaye. Speke alikwenda kaskazini peke yake, na tarehe 3 Agosti 1858 akaliona ziwa lile kubwa la Nyanza, akasema hili ndilo chimbuko la Nili. Burton hakukubali. Ugomvi wao ukaendelea miaka sita, hata Speke akafa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe, Septemba 1864, siku moja kabla ya kushindana na Burton mbele ya wataalamu. Na mwaka ule ule Burton akatoa hoja kwamba Ruzizi watoka ziwani! Maneno ya wale vijana watatu alikuwa ameyaandika kitabuni mwake kwa mkono wake. Sasa akaona heri wawe wamekosea, wao waliokunywa maji ya mto ule tangu utoto, kuliko shabaha yake ife.

Ndugu zangu, mimi naona hapo ndipo pa kuogopa. Taabu isitutishe. Lakini tukianza kutafuta sababu za kutowasikia wakaao kando ya mto, shabaha yetu imekwisha kutushika, si sisi tena tunaoishika.

Habari haikuishia hapo. Mwezi wa Novemba 1871 ukaja mtumbwi mwingine kutoka Ujiji, wenye David Livingstone na Henry Stanley. Wakafika mdomoni mwa Ruzizi, wakaona kwa macho yao: waingia. Livingstone alikubali mara moja. Twaweza kumsifu, lakini tusimsifu upesi. Ruzizi haukuwa mto wa moyo wake. Mto wa moyo wake ulikuwa Lualaba, na kuacha usichokipenda si kuacha. Kwa habari ya Lualaba alikuwa na hofu, naye aliiandika katika daftari yake, kwamba huenda anaufuata mto Kongo, wala si Nili. Hofu ile ilikuwa ya kweli. Lualaba ni mto wetu. Stanley aliufuata mpaka Boma, akafika mwaka 1877. Hata maji ya ziwa letu hutoka kwa Lukuga, pale Kalemie, yaingia Lualaba na kwenda bahari ya magharibi.

Stanley alimsihi arudi kwao apumzike. Akakataa. Na hapa yatupasa kuuliza: Livingstone aliitaka Nili ya nini? Mwenyewe alisema. Alitumaini kwamba mtu aliyevumbua chimbuko la Nili atasikilizwa na wakubwa atakaposema juu ya biashara ya watumwa. Nili ilikuwa ngazi, si nyumba. Naye alikuwa ameyaona mambo ya kutisha: tarehe 15 Julai 1871, sokoni Nyangwe, watu wa wafanya biashara walipiga bunduki katikati ya wanawake waliokuja kuuza na kununua, na wengi walikufa majini. Habari ile aliiandika, na Stanley akazichukua karatasi zake hadi Ulaya mwaka 1872. Zikasomwa. Zilikuwa moja ya mambo yaliyowaamsha Waingereza. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash akatia sahihi mapatano, na soko la watumwa la Unguja likafungwa.

Livingstone hakupata habari hiyo. Alikuwa amekufa mwanzoni mwa Mei, mwezi mmoja tu kabla, katika kijiji cha Chitambo, kusini ya ziwa Bangweulu, akizitafuta chemchemi ambazo hazikuwako. Watumishi wake Susi na Chuma na wenzao waliuchukua mwili wake hata Bagamoyo, wakafika Februari 1874, wakapokelewa misioni kwa Mapadri wa Roho Mtakatifu.

Najua msomaji mmoja atasema: hata kifo chake kilihubiri. Ni kweli, nami sibishi. Lakini yeye hakwenda Bangweulu ili afe ahubiri. Alikwenda kutafuta ngazi, hali mlango ulikuwa umekwisha kufunguliwa kwa karatasi zake mwenyewe.

Mimi nisije nikawasema wafu bila kujisema. Nilikaa seminarini miaka saba nikitaka upadri. Walezi wangu waliniambia kwa upole kwamba hawaoni wito huo ndani yangu, nami kwa mwaka mzima nilitafuta sababu za kutowasikia. Nilisema hawajui kabila letu. Nilisema mmoja wao hanipendi. Mwishoni padri mzee akaniuliza swali moja tu: "Ukitoka leo, ni kitu gani kitakachokuuma?" Nikataka kusema, kutofundisha watu. Lakini kufundisha nani angenizuia? Aliyenifundisha mimi sala za kwanza, kule Makobola, alikuwa katekista mwenye mke na shamba la muhogo. Kilichoniuma ni kwamba mama hataitwa tena mama wa Padri, na kwamba sokoni watu watauliza. Nililia, sifichi. Lakini nilijua sasa ni sehemu gani ya shabaha yangu iliyokuwa ikilia.

Mfalme Daudi naye alitaka kumjengea Mungu nyumba. Hata nabii Nathani alijibu upesi mno, akamwambia fanya. Usiku akatumwa kurudi kumwambia, si wewe, mwanao ndiye atakayejenga. Daudi hakususa. Katika kitabu cha Nyakati twasoma jinsi alivyokusanya mawe, chuma, mierezi na dhahabu, akamwekea Sulemani.

Basi Jumapili iliyofuata nilikwenda kwa jirani yangu. Tuliketi juu ya ule msingi wa mawe, maji yakipiga chini yetu. Nikamsimulia habari za Burton. Alicheka sana kwa wale vijana watatu. Kisha nikamwuliza: "Baba, nyumba hii ulianza kuijenga ya nini?"

Akanyamaza kitambo. Akasema alitaka wanawe wasitawanyike. Kila mmoja awe na chumba, wale pamoja hata yeye atakapokufa. Nikauliza wako wapi sasa. Mmoja yuko Bukavu anabeba mizigo, ili atume fedha za saruji. Wa pili yuko Baraka, anavua ndagala usiku kwa ajili ya mabati. Wa mwisho ameacha shule, maana karo ilikwenda katika mawe haya tuliyokalia. Alikuwa akiwahesabu kwa vidole, na alipofika kidole cha tatu akakishika, hakukiachilia.

Kando ya mlima ana kiwanja kidogo alichoachiwa na baba yake. Ni mbali na ziwa, hakuna upepo, naye hakukipenda kamwe. Sikukitaja. Nilimwaga nikaenda zangu.

Juma lililopita nilipita asubuhi nikamwona na yule mwanawe mdogo, wanang'oa fremu ya mlango. Nikawasalimu. Sikuwauliza wanaipeleka wapi.