Je, Kuomba Mshahara Zaidi Ni Tamaa?



Nilipopigiwa simu kwamba nimepata kazi, nilipiga magoti palepale. Kesho yake ikaja barua: mshahara 550,000 kwa mwezi, nijibu ndani ya siku tatu. Nikapiga hesabu. Asilimia 10 inakwenda NSSF, kodi ya mapato nayo inakatwa, nauli magari mawili kwenda na mawili kurudi kutoka Mbagala, chumba, na mdogo wangu yuko sekondari. Haitoshi. Lakini umesota mwaka mzima bila ajira, Mungu amekujalia, halafu unaanzaje kuomba nyongeza? Si ndiyo tamaa yenyewe hiyo?

Kazi yangu ya kwanza nilipokea 420,000 bila kusema neno, nikauita unyenyekevu. Jamani, ulikuwa woga tu. Maana baada ya miezi michache nilianza kujilipa kimyakimya: simu ya ofisi napigia nyumbani, naingia saa tatu badala ya saa mbili, mchana najificha stoo nalala. Moyoni nasema, wananinyonya, acha nifidie. Nilipokwenda kuungama, padre aliniuliza kitu kimoja: “Uliwahi kuwaambia kwamba haitoshi?” Sikuwahi.

Papa Leo XIII, katika waraka wake Rerum Novarum wa mwaka 1891, alifundisha kwamba makubaliano ya pande mbili peke yake hayaufanyi mshahara kuwa wa haki. Anayekubali kidogo kwa sababu ya shida anaonewa. Fundisho hilo linamhusu mwajiri kwanza. Mimi lilinigusa kwa upande mwingine: kama “ndiyo” yangu haiufanyi mshahara mdogo kuwa wa haki, basi ukimya wangu nao sio lazima uwe fadhila.

Tena tunapenda kutajiwa wale wafanyakazi wa shamba la mizabibu (Mt 20:1-16), ili tusinung'unike. Sawa. Ila soma mwanzo wake: mwenye shamba alipatana nao kwanza, dinari moja kwa siku. Kupatana, kama tunavyopatana bei sokoni! Jioni walijibiwa kwa sababu ya kijicho chao kwa wenzao. Kwa kupatana asubuhi hakuna aliyelaumiwa.

Basi nikaamua kuomba. Hapo ndipo nikakwama pengine. Rafiki yangu, tena tunaimba naye kwaya, akaniambia: “Waambie kule ulikuwa unapata laki nane. Kila mtu anafanya hivyo, na wao wanajua.” Kusema kweli nilishaiandika ile laki nane kwenye meseji. Nikaitazama usiku mzima. Naombaje haki kwa kuanza na uongo? Lakini nikitaja 420,000, si watasema 550,000 imezidi hata?

Asubuhi nilifuta meseji, nikapiga simu. Nikamweleza dada wa utumishi hesabu yangu, nikaomba 680,000, bima ya afya na nauli. Akauliza, “Kule ulikuwa unapata ngapi?” Mate yalikauka. Nikamwambia, laki nne na ishirini. Akanyamaza. Akasema atanipigia.

Alipiga siku ya tatu, jioni, nimeshakata tamaa: 620,000 na bima. Nauli hapana. Nikasaini. Bado napanda magari mawili kutoka Mbagala, saa mbili kamili niko mezani, na nyumbani napiga kwa vocha yangu.