Mhudumu Asiye na Jina: Mchezo na Wajibu wa Kimaadili katika Filamu ya eXistenZ

Utangulizi

Swali la iwapo tendo lililofanyika ndani ya mchezo lina uzito wa kimaadili si geni katika fasihi. Fasihi simulizi ya Waswahili ililijibu zamani kwa njia ya fani. Fanani husema "Paukwa!", hadhira ikaitikia "Pakawa!", na tangu hapo zimwi huweza kumeza watu bila yeyote kulaumiwa. Hadithi inapokwisha, fanani hutangaza kuwa imeishia hapo, na kila mmoja hurejea katika dunia yake. Maneno hayo ya kufungua na kufunga si mapambo; ni mkataba baina ya fanani na hadhira kuhusu mpaka wa ubunifu.

Filamu ya eXistenZ, iliyoongozwa na David Cronenberg wa Kanada na kutolewa mwaka 1999, inasawiri dunia ambamo mkataba huo umevunjika. Makala haya yanaitazama kutoka Baba Dogo, mtaa wa mashariki mwa Nairobi unaopakana na Korogocho, ambako viwanda na makazi ya watu vinasongamana. Kutoka hapo, swali kuu la filamu linabadilika.

Mchezo usiofungwa

Allegra Geller ni mbunifu mashuhuri wa michezo ya kompyuta. Mchezo wake huchezwa kwa kifaa chenye uhai, ambacho huunganishwa na uti wa mgongo wa mchezaji kwa kamba inayofanana na kitovu. Anaposhambuliwa na watu wanaodai kuutetea uhalisi, anatoroka pamoja na Ted Pikul, kisha wote wawili wanaingia mchezoni. Wazo la filamu lilitokana na mahojiano ambayo Cronenberg alifanya na Salman Rushdie mwaka 1995, miaka sita baada ya kutolewa fatwa ya kumuua mwandishi huyo kwa ajili ya riwaya. Hivyo, tangu chimbuko lake, kazi hii inahusu watu wanaoua kwa sababu ya ubunifu, na vilevile wanaoua ndani ya ubunifu.

Tukio la mkahawani ndilo kitovu cha hoja. Pikul anakula chakula cha kuchukiza, anaunganisha mifupa iliyobaki sahanini na kuunda bastola inayofyatua meno ya binadamu. Anahisi msukumo wa kumuua mhudumu wa Kichina aliyewaandalia meza. Anasita, kisha anamuua. Utetezi wake ni kwamba mchezo ndio uliomsukuma.

Mwishoni inabainika kuwa yote hayo yalikuwa ndani ya mchezo mwingine. Wachezaji wameamka, mhudumu naye yu hai, kwani alikuwa mchezaji mwenzao. Pikul na Allegra, ambao sasa ndio maadui wa michezo, wanamuua mbunifu wa mchezo huo pamoja na msaidizi wake, kisha wanamwelekezea mhudumu silaha. Yeye anaomba aambiwe ukweli: je, bado wamo mchezoni? Filamu inakatika bila jibu. Hakuna anayetamka kuwa hadithi imeishia hapo.

Kiwanda machoni mwa mtazamaji

Wahakiki wengi wameishughulikia filamu hii kama fumbo la kifalsafa kuhusu kipi ni halisi na kipi si halisi. Mtazamaji wa Baba Dogo ana sababu ya kuanzia kwingine. Ndani ya mchezo, Pikul na Allegra wanajikuta wakiwa wafanyakazi wa kiwanda, wakipasua wanyama wa ajabu na kuunda vifaa vya kuchezea. Kwao, kazi hiyo ni hatua moja ya mchezo. Kwa kibarua anayesubiri alfajiri kwenye lango la kiwanda asijue kama ataitwa, hakuna mchezo. Anayeishi hivyo atamwona mhudumu kabla ya kuliona fumbo. Atauliza ni kwa nini anayeuawa ni yule anayebeba sahani, na ni kwa nini orodha ya waigizaji inamtambulisha kwa kazi na taifa lake tu, bila jina.

Huenda ikadaiwa kwamba mhudumu wa mchezoni ni kivuli tu, sawa na waliomezwa na zimwi. Hoja hii ina nguvu, lakini inasahau tofauti moja. Msikilizaji wa ngano hashiki kisu, mchezaji hukishika. Anayeuawa huenda asiwepo, lakini nia ya kuua ipo, nayo ni mali ya mchezaji hata akisingizia mchezo. Isitoshe, mpaka unapofifia, shaka haimpunguzii mtu wajibu bali humwongezea. Mwindaji aonaye majani yakitikisika harushi mkuki kabla ya kujua kama ni mnyama au ni mtu.

Katika vibanda vya video vya Nairobi, wasimuliaji kama DJ Afro wamezoea kuingiza sauti zao juu ya filamu za kigeni, wakifafanua na kutania. Wapo wanaoona kuwa desturi hiyo inaharibu kazi ya sanaa. Hata hivyo, inamrejesha fanani mahali pake: sauti yake humkumbusha mtazamaji kwamba anasimuliwa. Hicho ndicho wanachokosa Pikul na Allegra.

Hitimisho

Katama Mkangi, mwanasosholojia Mkenya aliyewahi kuwekwa kizuizini katika miaka ya 1980, alitumia bunilizi ya kisayansi kwa lengo tofauti. Katika Walenisi (1995), Dzombo anahukumiwa na kurushwa angani, akafika katika sayari yenye usawa. Jina la sayari hiyo ni sentensi nzima: wale ni sisi. Dunia ya kubuni ya Mkangi inamrudisha msomaji kwa binadamu mwenzake.

Sentensi hiyo ndiyo inayokosekana katika eXistenZ. Mhudumu anauliza wako wapi, kwa kuwa anajua kuwa wenye silaha wanaona uhai wake unategemea jibu hilo. Hapo ndipo kosa lilipo. Uhai wake haukupaswa kutegemea kama mchezo umekwisha au la. Aliyesimama mbele yao anaogopa na anaomba. Hilo tu lilitosha kuwafanya washushe silaha.