Je, Yafaa Kufufua Motokaa ya Fahari Iliyochakaa?

Wasomaji wetu, liko swali moja ambalo zamani lisingaliweza kuulizwa vijijini mwetu, kwa kuwa kitu chenyewe hakikuwako. Lakini siku hizi limefika hata huku bondeni Kamsamba. Swali ni hili: mtu aliye na motokaa ya fahari iliyochakaa, ambayo haitembei tena, je, ni haki atumie fedha, siku na nguvu zake kuifufua nyumbani kwake, hali jirani zake wanakosa dawa na madaftari? Wengine hujibu upesi kwamba huo ni upuzi. Wengine hujibu upesi vile vile kwamba mali ni yake, wala hakuna wa kumwuliza. Sisi twaona ya kuwa majibu yote mawili yametoka mdomoni kabla ya kupita moyoni.

Kwanza tufahamiane. Hatusemi juu ya lori la kubeba mpunga, wala pikipiki ya kuchukulia abiria. Twasema juu ya motokaa iliyofanywa makusudi ili anayeketi ndani yake ajione mkubwa. Katika nchi zetu jina lililotangulia majina yote kwa jambo hili ni Mercedes-Benz, hata baada ya uhuru watu wakaunda neno "Wabenzi", kana kwamba ni kabila, kuwaita wakubwa waliopanda motokaa hizo. (Ni kabila lisilo na kijiji wala watani.) Basi motokaa za wakubwa wale hazikufa pamoja na vyeo vyao. Ziliuzwa, zikauzwa tena, zikashuka kutoka mji mkuu mpaka mkoani, na kutoka mkoani mpaka kijijini. Aina ile ambayo mafundi huiita W123 ilitengenezwa Ujerumani tangu mwisho wa mwaka 1975 hata mwanzo wa mwaka 1986, nayo ilitoka kiwandani karibu milioni 2.7. Nyingine zatembea hata leo. Nyingine zimesimama chini ya mwembe, na kuku wanataga katika kiti cha nyuma alichokalia mkurugenzi.

Na tuweke mfano. Ndugu wawili wamerithi motokaa ya namna hiyo. Baba yao aliinunua kwa mtumishi mstaafu, akaiendesha mpaka injini ikagoma, kisha akafariki. Mkubwa asema, "Mdogo wangu, nitaifufua, maana watu wakiiona humwona baba." Mdogo asema, "Kaka, tuwaite wanunuzi wa chuma chakavu waipime kwa kilo, nasi tupate cha kuanzia kununua maksai." Kila mmoja ana neno la haki mdomoni mwake, na ndiyo sababu shauri lao ni gumu.

Twamtazama mkubwa kwanza. Asema atatumia fedha zake. Lakini fedha hizo zatoka wapi? Huku kwetu fedha hutoka shambani, katika mpunga na ufuta. Aliyeinama kupalilia ni mama. Aliyefukuza ndege tangu alfajiri ni mtoto. Baba naye alilima. Gunia likiisha kuuzwa, fedha huingia katika mfuko mmoja, na kwa desturi mfuko huo ni wa baba. Walakini kuingia mfukoni hakubadili jasho lililoizaa. Gasketi moja ya silinda iliyoagizwa Tunduma au Mbeya, na ikikosekana huko, Gerezani Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900 kutoka Tunduma, ni mpunga wa watu wote wa nyumba ile uliogeuka kuwa gasketi. Kwa hiyo swali la kwanza la kufufua motokaa haliulizwi gereji, huulizwa jikoni. Na mwanamke akiulizwa aulizwe kweli, akiwa na ruhusa ya kusema hapana. Tumeona mara nyingi mama wa nyumba akiarifiwa tu, kisha ikasemwa kwamba ameshauriwa.

Hata hivyo hatukubaliani na wale wasemao kwamba mtu wa kijijini hana ruhusa ya kitu kizuri mpaka shida zote zimekwisha. Shida hazitakwisha. Wazee wetu waliochonga vigoda walitia nakshi pembeni, nao walijua ya kuwa nakshi haikaliwi na mtu. Hakuna aliyewaambia kwamba saa zile za kuchonga nakshi zingalitosha kulima matuta mawili. Tena iko tofauti kubwa kati ya kununua fahari na kuitengeneza. Aliyeinunua motokaa ile ikiwa mpya alinunua macho ya watu. Mwenye kuitengeneza leo hulala chali mavumbini, grisi ikimdondokea shingoni, mahali ambapo hakuna amwonaye. Kama kuna dawa ya kiburi iliyotengenezwa Ujerumani, labda ni bolti ya chini ya motokaa iliyoshikwa na kutu.

Na kazi yenyewe hufundisha. Motokaa za miaka ile zilifanywa zifunguke kwa spana, wala hazingoji mashine ya kusoma kompyuta kama nyingi za siku hizi. Mvulana asiyeelewa desimali darasani, mpe kipimo cha vyuma vyembamba apime nafasi ya valvu. Katika injini hizo za dizeli valvu ya kuingizia hewa hutaka nafasi ya milimita 0.10 injini ikiwa baridi. Ataelewa sehemu ya kumi ya kitu ni nini, maana ataishika kwa vidole vyake.

Atajifunza pia kutafuta chanzo cha jambo. Katika dizeli nyingi za aina hii, injini huzimwa kwa mvuto wa hewa. Pampu ndogo hunyonya hewa katika mipira myembamba. Ufunguo ukigeuzwa, mvuto ule hukata mafuta. Mipira hiyo hiyo huenda mpaka milangoni kufunga vitasa. Basi mpira ukipasuka ndani ya mlango wa nyuma, yaweza kutokea kwamba injini yakataa kuzimika: ufunguo umo mkononi mwa mwenyewe, nayo yanguruma mbele ya watu waliokusanyika kucheka. Fundi mwenye pupa huagiza pampu mpya. Fundi mwenye subira hufungua boneti, hubonyeza kile kishikio cha kuzimia kilichowekwa juu ya injini kwa saa ya namna hiyo, kisha hukaa kitako afuate mpira mmoja mmoja, hata afike mlangoni. Hatujui somo lililo jema kuliko hilo kwa kijana anayedhani kwamba kelele zinapotoka ndipo ubaya ulipo.

Lakini sasa tumefika mahali pagumu, napo ni kutu.

Chuma kikiliwa na kutu, iko njia ndefu na njia fupi. Njia ndefu ni kukata sehemu yote iliyoliwa mpaka uonekane weupe wa chuma kizima, kuchomelea bati jipya, kupiga rangi ya kuzuia kutu, na ndipo rangi ya juu. Njia fupi ni kujaza puti katika tundu, kupiga msasa mpaka pawe laini kama yai, na kupulizia rangi. Kwa macho zote mbili ni sawa, pengine ya puti hung'aa zaidi. Lakini kutu haifi kwa kufunikwa. Maji na hewa vikipata upenyo, hula chini kwa chini, na baada ya masika moja au mbili rangi huvimba kama ngozi yenye jipu. Na mahali ambapo motokaa hizi huliwa na kutu si mapambo tu: ni sakafu, ni kingo za chini ya milango, ni mahali pa kuwekea jeki. Mtu huweka jeki, motokaa yashuka juu yake.

Twasema hapa ndipo ilipo dhambi hasa ya kazi hii, wala si katika fahari. Mwenye motokaa akipaka puti kwa ajili yake mwenyewe amejidanganya. Akiipaka ili amwuzie mgeni kutoka wilaya nyingine, akasema "bodi yake ni safi", amemwibia, na labda amemwua. Watu wetu wengi huona aibu kuiba kuku, lakini hawaoni aibu kuuza puti. Sababu ni kwamba kuku hulia, na mwenyewe hujua siku ile ile. Puti hunyamaza mpaka muuzaji amekwisha kula fedha.

Nasi twapendelea mno kuanzia mwisho. Tumesikia watu wakiulizia bei ya rangi na ya nyota ile ya mbele kabla hawajauliza bei ya mipira ya breki. Mpira wa breki uliozeeka huweza kuvimba kwa ndani usipitishe mafuta kama ipasavyo, hata gurudumu moja likashika na jingine lisishike, motokaa ikavutwa upande. Breki haionekani, wala hakuna anayesifiwa kanisani Jumapili kwa sababu ya breki. Huko Nairobi, katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, kwa miaka mingi yamefanyika mashindano ya motokaa zilizotunzwa vizuri, na waamuzi huchungulia hata chini yake. Watu huweza kucheka kwamba ni michezo ya matajiri. Labda ni kweli. Lakini twaisifu kanuni ile ya kuchungulia chini.

Liko neno jingine, nalo limewashinda wenye akili wa zamani katika nchi nyingi: kitu kikibadilishwa viungo vyake, je, ni kile kile? Jembe la babu lililobadilishwa mpini mara tatu na bapa mara mbili, je, ni jembe la babu? Yule ndugu mkubwa husema kwamba motokaa ni baba. Lakini akitoa injini ya Mercedes iliyokufa, akatia ya Toyota, kama wafanyavyo wengi kwa kuwa spea zake hupatikana kwa urahisi, akabadili viti, taa na milango, je, hapo watu watamwona baba, au wataona duka la spea lenye magurudumu?

Tuitazame meli Liemba ya Ziwa Tanganyika, jirani yetu wa magharibi. Ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaitwa Graf von Goetzen, ikaletwa vipande vipande, ikaunganishwa Kigoma. Mwaka 1916, vita vilipowageukia, Wajerumani waliizamisha wenyewe, lakini kwanza waliipaka injini grisi, kwa tumaini la kurudi. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina jipya. Baadaye, katika miaka ya 1970, injini zake za mvuke zilitolewa, zikatiwa za dizeli. Jina si lile, bendera si ile, injini si zile. Walakini hatujamsikia mtu wa Kigoma wala wa Kasanga akisema kwamba ni meli nyingine. Kwa nini? Twaona sababu ni mbili. Chombo chenyewe, yaani lile tumbo la chuma, ni lile la kwanza. Na kila badiliko lilifanywa mchana, likaandikwa, likajulikana. Hakuna aliyesema kwamba injini ya dizeli ni ile ya mvuke.

Basi twajibu kwamba motokaa iliyotiwa injini ya Toyota yaweza kuwa bado motokaa ya baba, endapo mwenyewe husema wazi kilichobadilika. Kadi ya gari huandikwa namba ya chasisi na namba ya injini. Injini ikibadilishwa na kadi iseme hivyo. Wako watakaotucheka, waseme twageuza swali la hekima kuwa shauri la karatasi. Lakini twauliza: ni nini kingine kiunganishacho jana ya kitu na leo yake, isipokuwa habari ya kweli inayosimuliwa juu yake? Chuma chenyewe hakikumbuki.

Twajua pia kwamba si lazima kila kilichokuwa cha mkubwa kitembee tena. Katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, imewekwa Rolls-Royce iliyotumiwa na serikali ya wakoloni Waingereza, kisha na Mwalimu Nyerere. Watu huitazama imesimama, nayo hufanya kazi yake ya kukumbusha. Lakini nyumba ya mkulima si makumbusho. Kitu kilichosimama uani miaka kumi huwafundisha watoto kwamba vitu husimama.

Turudi kwa ndugu wale. Mdogo amedharauliwa na wengi kana kwamba hampendi baba yake, kwa sababu alitaja kilo. Sisi hatumdharau. Maksai hulima shamba la nyumba mbili, na ukumbusho wa baba waweza kuwa shamba lililolimwa mapema kabla ya mvua kuwa nyingi. Tena nusu ya motokaa ni yake. Kaka mtu aliponunua spea ya kwanza bila kumlipa ndugu yake nusu, alianza kufufua mali isiyo yake peke yake, na mapenzi yake kwa baba, ingawa ni ya kweli, hayakumpa haki hiyo.

Kwa hiyo shauri letu, kama tungaliulizwa, lingalikuwa hivi. Waite mtu mwenye mizani, wajue bei ya chuma ile. Mkubwa amlipe mdogo nusu ya bei hiyo kabla ya kununua hata nati moja. Mke wake awepo siku ya kuhesabu. Kisha aanze na breki, na sakafu, na rangi iwe ya mwisho. Motokaa ikitembea, ivuke daraja la mto Momba mpaka Kilyamatundu na kurudi, wakati wa kiangazi, bila abiria. Na ikiwa mavuno mawili yatapita na nusu ile ya mdogo haijalipwa, basi kuku wahamishwe, na mwenye mizani aitwe tena.